Maoni Kuhusu Mchana wa Buluu

Jumatatu, 3 Februari

Dada, shikamoo.

Natumaini hamjambo hapo nyumbani, na kwamba ile mashine yako ya kusaga lenzi imeacha kulia kama mtoto mwenye njaa. Mimi sijambo, ila macho. Usianze. Najua utasema njoo nikupime.

Imekamilika. Si gemu yote, ni demo tu, kipande cha mwanzo cha kuwaonjesha watu, lakini inachezeka kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho bila kukwama. Nimeiita Mchana wa Buluu. Mchoraji, yule ninayeishi naye, amechora kuta na vyombo. Mengine yote ni mimi. Linki iko chini ya barua hii. Wewe ni fundi wa miwani, unaona vumbi ambalo wenzako hawalioni. Icheze, kisha uniambie ukweli, usinihurumie kwa kuwa ni mdogo wako.

Ni gemu ya kutisha, lakini ndani yake hakuna giza, hakuna damu wala makaburi. Kuna nyumba ya ghorofani saa za mchana. Watu wote wamelala. Mapazia yamefungwa, na mwanga unaopenya ni wa buluu, mzito kidogo, kana kwamba nyumba nzima imelowekwa. Wewe ni mtoto, umeamka peke yako, na unatafuta njia ya kutoka. Nyuma yako kuna mwanamke anayekufuata.

Maoni yameanza kuja. Mmoja ameandika: "Nimecheza huku nakunywa chai. Chai haikumwagika." Mwingine anasema aliiacha gemu ikiendelea akaenda bafuni, aliporudi akamkuta yule mwanamke amesimama nyuma ya mtoto, kimya, mikono mbele; akaifunga kompyuta na kwenda kukaa na shangazi yake, ambaye hawasemeshani. Huyo nimempenda. Wa tatu ameandika sentensi moja tu: "Huyu mama ni mpole kuliko mama yangu." Sijui nicheke au nilie.

Kuna kampuni imeipenda, inataka kuitoa ikikamilika. Nitakueleza.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usimwonyeshe mama.

Kitinda wako

*

Jumapili, 9 Februari

Kitinda wangu, marahaba.

Nimecheza. Nilianzia kazini wateja walipoisha, nikamalizia nyumbani, kwa sababu vidole vyangu vimezoea kushika bisibisi ndogo, si kumkimbiza mtoto koridoni.

Nyumba niliijua kabla mlango haujafunguka. Kigae kilichopasuka kama sikio. Ndoo ya kijani. Lile friji lililokuwa likiunguruma kama ng'ombe anayeota. Nilipofika kwenye mapazia sikucheza tena, nilikaa nikiyatazama tu. Mwanga ule, mdogo wangu, umeutoa wapi? Nilisikia hadi harufu ya wanga na pasi ya moto. Niliposhtuka, yule mwanamke alikuwa ameshafika mgongoni mwangu nami sina habari.

Umetaka maoni, basi haya. Mchezaji mgeni hajui kwa nini watu wazima wamelala mchana. Sisi tunajua kwamba mama alikuwa dobi wa hospitali, zamu ya usiku, na kwetu mchana ndio uliokuwa usiku. Watoto wa jirani wakicheza mpira, sisi tunaambiwa fumbeni macho. Lakini mgeni atajuaje? Tundika japo sare yake ukutani.

La pili ni zito kidogo. Yule mwanamke anaburuta mguu wa kulia. Kitinda, mguu ule ni wa mama. Mbadilishie mwendo. Mpe mkia, mpe pembe, mpe chochote unachotaka, lakini mguu ule mrudishie mwenyewe.

Nami nikwambie tu: nilikuwa nachezea sebuleni, mama yuko kwenye kiti chake, nikadhani amesinzia. Ile sauti ya ndara ikatoka, shwaa, tap, shwaa, tap. Akauliza huku amefumba macho, "Nani huyo anayetembea kama mimi?"

Nikasema, "Tangazo, mama."

"Tangazo la nini? La nyonga?"

Nikafunga haraka. Hakuuliza tena. Lakini unamjua, yeye asipouliza ndipo uogope.

Kwa kuwa nyonga imetajwa: upasuaji wake umepangwa katikati ya Machi. Daktari anasema ingefaa afanyiwe zamani. Hapa kwangu ni nyumba ya chini, haina ngazi hata moja, na chumba kipo. Tangu ulipokwenda bweni hujalala tena chini ya paa moja na mama. Unakuja asubuhi, unaondoka kabla ya chakula cha mchana, kama mtu wa kusoma mita. Safari hii njoo ulale.

Dada yako

*

Jumanne, 11 Februari

Dada,

Sare nitaitundika, ni wazo zuri. Mguu siubadilishi.

Nilijua utaona. Pengine ndiyo sababu nilikutumia wewe kwanza. Kuna kitu sijawahi kukwambia, na kwenye simu siwezi, ulimi unanata. Kuandika naweza.

Nilikuwa mdogo, sijaanza hata kusoma vizuri. Nilikuwa nalala kitandani mwangu mchana, halafu naamka niko mahali pengine. Koridoni. Jikoni. Kwenye ukuta wa nyuma, karibu na rafu ya viatu. Sikumbuki nilifikaje. Nakumbuka buluu tu, na sakafu ikiwa baridi, na nikigeuka mama yuko nyuma yangu. Mikono ameinyoosha mbele. Macho ameyatoa makubwa. Hasemi neno. Ilitokea mara nyingi, hata nikafikiri kwamba mama ana mwenziwe wa mchana, anayefanana naye, anayeamka yeye akilala.

Kisha siku ile ya ngazi. Unazikumbuka ngazi za nyuma, za zege, zisizo na mahali pa kushika. Niliamka nikiwa nimekabwa na kola ya shati. Mkono wake ulikuwa shingoni mwangu. Baada ya hapo niko sakafuni na yeye yuko chini kabisa, mguu umekunjwa vibaya, ananitazama. Hakulia. Hakuniita. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri nifanye kosa.

Majirani aliwaambia aliteleza kwenye maji ya sabuni. Dada, hapakuwa na maji. Nilikuwa hapo, sakafu ilikuwa kavu. Kwa nini mtu adanganye kama hana la kuficha? Na aliporudi kutoka hospitali, kila mchana akawa ananifungia chumbani kwa ufunguo.

Sisemi alikuwa mama mbaya. Alinivisha, alinisomesha, alinipigia pasi hadi soksi. Nasema mchana kulikuwa na mtu mwingine. Nimeishi na mtu huyo miaka yote hii, na njia pekee niliyopata ya kumtoa kichwani ni kumweka kwenye gemu, mahali ambapo naweza kubofya akasimama.

Usinilazimishe kulala huko. Pesa za dawa nitatuma.

Kitinda

*

Jumatano, 19 Februari

Kitinda,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nafuta.

Nilichokwambia kuhusu mguu, kiache. Usibadilishe chochote kwa sasa. Kuna jambo ninalolijua ambalo si langu kulisema. Niliapishwa nikiwa msichana, na aliyeniapisha bado yu hai na masikio yake ni mazima. Lakini sikujua, naapa, sikujua kwamba siku ile ulikuwa umefumbua macho. Hakuna aliyejua.

Nitazungumza na mwenyewe. Subira, mdogo wangu. Na hela zako za dawa baki nazo.

Dada

*

Jumamosi, 22 Februari

Kwa mtengenezaji wa Mchana wa Buluu,

Umeomba maoni, nami ni mtu wa kuombwa mara moja tu. Jina langu la kuchezea ni Bundi Mvivu. Huwa nacheza gemu za kutisha ninapokosa usingizi, na ninavijua vitisho vyote: mlango unaojifunga, sura ya ghafla dirishani, kicheko cha mtoto. Kwako sijaona hata kimoja. Nilitaka kukulaumu, kisha nikaona kitu.

Nilichoka kukimbia, nikasimama. Yule mama akafika, akasimama pia. Mikono yake ilibaki hewani pande zote mbili za mtoto, haimgusi. Nikatembea polepole, naye polepole. Nikaenda kwenye mlango wa mbele, akanifuata kwa mbali kama hana shida. Lakini nikielekea ngazi za nyuma anakuja mbio, na ule mguu wake mbovu, anapita ubavuni na kusimama mbele yangu, kati yangu na ngazi. Nimejaribu kila njia. Nilimpita mara moja tu, na nilipompita nikaona kwamba chini ya ngazi hukujenga kitu. Ni weupe mtupu. Mtoto akaanguka nje ya gemu, kompyuta ikaganda.

Kwa hiyo kila aliponizuia, alikuwa akiniokoa. Hii ni hitilafu au ndivyo ulivyokusudia? Kama ni hitilafu, tafadhali usiitengeneze. Baada ya hapo nilimwacha anifuate chumba hadi chumba bila kwenda popote, na nikapata usingizi mzuri ambao sijaupata muda mrefu. Sidhani ni sifa kwa gemu ya kutisha, lakini ndiyo habari niliyo nayo.

Bundi Mvivu

*

Jumatatu, 24 Februari

Dada, shikamoo.

Nakutumia barua ya mchezaji mmoja, isome kwanza kabla ya kuendelea na yangu.

Umesoma? Sikukusudia. Nilipoandika mwendo wa yule mwanamke nilimwekea amri moja kuhusu ngazi: awe hapo kabla ya mtoto. Niliandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyomkumbuka, daima yuko upande wa ngazi. Nilidhani anazuia njia ya kutoroka.

Sasa wale wa kampuni. Wanataka kuichukua, kwa sharti kwamba mwishoni amshike mtoto na kumsukuma. Wanasema hofu isiyogusa ni hewa. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nikakubali moyoni, maana si ndivyo ilivyokuwa? Nikakaa kuuandika ule msukumo.

Dada, haukubali. Ili amsukume mtoto chini lazima awe nyuma yake. Akimvuta kola, mtoto anarudi nyuma. Nimeupanga upya kwa kila namna, nimemweka huku, nimemweka kule, na kila mara miili inaangukia mahali pasipofaa. Mtu aliyesukumwa mbele hawezi kujikuta sakafuni nyuma, na aliyemsukuma yuko chini ya ngazi. Mchoraji alinikuta nimesimama kwenye kiti najivuta kola yangu mwenyewe, akarudi jikoni bila kuuliza.

Nimeiona picha hiyo kichwani maisha yangu yote na sikuwahi kuikagua. Nahisi kama mtu anayeota kisha anaona kwamba saa ya ukutani haina mishale.

Uliapishwa nini?

Kitinda

*

Jumamosi, 1 Machi

Mwanangu,

Dada yako anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu. Kama nimekohoa aandike amekohoa.

Amenisomea barua zako. Alikuwa analia, nikamwambia acha kulia, machozi yanaharibu kompyuta. Halafu nikasema, niwekee hiyo gemu niione mwenyewe. Akanionyesha kitufe cha kwenda mbele na cha kugeuka. Nilipotea jikoni kwangu mwenyewe, nikazunguka meza kama kuku aliyefungwa kamba, lakini baadaye nikazoea. Umesema watu wanaleta maoni, basi na mimi nina yangu.

Mapazia umeyapatia. Yalikuwa mashuka mabovu ya wodini, niliomba nikapewa, nikayachovya rangi mimi mwenyewe ili mlale. Sikujua kuna mtu angeikumbuka buluu ile. Gauni la yule mama silitambui. Ni chafu. Mimi nilikuwa dobi, sijawahi kutembea ndani ya nyumba yangu na gauni chafu. Libadilishe.

Mikono. Umemnyooshea mikono kama mtu anayeanika nguo. Sivyo. Inashuka chini zaidi, usawa wa mabega ya mtoto, vidole vimekunjuka, tayari kudaka. Muulize dada yako, nimemwonyesha hapa, na amekubali.

Na yule mtoto anakimbia. Wewe hukuwa ukikimbia, baba. Ulikuwa unatembea taratibu, macho wazi, kama bwana mkubwa anayekagua shamba lake. Ulikuwa umelala.

Ulikuwa unatembea usingizini. Ulianza pale baba yenu alipoondoka. Mara ya kwanza nilikukuta kwenye rafu ya viatu umevaa kiatu changu kimoja. Nikamuuliza muuguzi wa zamu yangu, akaniambia, usimwamshe kwa ghafla, atashtuka vibaya. Mfuate tu, mkinge asijiumize, mwisho atarudi mwenyewe. Basi nikawa nakufuata. Sikusema kitu kwa sababu niliambiwa nisiseme. Macho yangu yalikuwa makubwa kwa sababu nilikuwa nimetoka kufua usiku kucha na nilikuwa nayalazimisha yasifumbe.

Siku ile komeo la mlango wa nyuma halikushika. Nilisinzia. Nilipoamka hukuwepo, na mwanga ulikuwa mweupe koridoni, ndipo nikajua mlango uko wazi. Nilikukuta mguu mmoja umeshautoa hewani. Nikashika kilichokuwa karibu, kola, nikakutupa nyuma, na nguvu zile zile zikanipeleka mimi mbele. Ni hivyo tu. Hesabu zako zilikuwa sawa.

Umesema nilikutazama nikisubiri ufanye kosa. Ni kweli nilikutazama. Nilikuwa nakuomba kwa macho usisogee. Sikukuita kwa sababu ningekuita, ungekuja. Ungeshuka zile ngazi kunifuata, na mimi sikuwa na mguu wa kukudaka tena.

(Ameniambia niandike kwamba anakunywa maji.)

Maji ya sabuni nilidanganya, ndiyo. Watu wangesema mtoto ana mashetani, wangekutazama vibaya njiani. Na wewe ungekua umebeba mguu wangu. Mguu ni wangu, niliutumia nilivyotaka. Nikamwapisha dada yako, maskini, ameshika kiapo kama mtu aliyeshika yai. Ufunguo nilifunga kwa sababu nisingeweza kukukimbilia. Nilidhani hukuona chochote. Kumbe mimi nakuficha ili usiumie, na wewe unaniogopa ukijificha. Tumefanya kazi kubwa sote wawili, ya bure.

Gemu ni nzuri. Nimependa ninavyotembea. Kuhusu hao watu wa kusukuma, mali ni yako, amua mwenyewe.

Siku ile sikukuita. Leo nakuita. Njoo.

Mama

*

Jumanne, 4 Machi

Mama, shikamoo.

Nimeandika mwanzo huu mara nyingi. Kila nikifika kwenye shikamoo nasimama, kwa sababu sijawahi kukuamkia hivi, nikiwa nakutazama usoni, hata kama ni usoni mwa karatasi.

Sina maneno ya kutosha kuhusu mguu wako, na nadhani hutaki niyatafute. Nikuambie tu kilichotokea.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda jikoni. Mchoraji alikuwa anaosha vyombo, nikashika kitambaa nikawa nakausha. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Hivi mimi hutembea usingizini?"

Akasema, "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie hapa. Hasa ukilala mchana baada ya kukesha kwenye kazi. Nilidhani unajua. Nilidhani ni mambo ya kwenu, nikaona si adabu kuuliza."

Nikamwambia anionyeshe. Akajikausha mikono, akaenda hadi kwenye mlango wa mbele. Akasimama akiuelekea mlango. Kisha akapeleka mkono wa kushoto nyuma yake, kiganja wazi, akabaki hivyo.

"Ndivyo unavyofanya," akasema. "Unangoja. Kisha unarudi kulala. Unamngoja nani?"

Nikamwambia sijui. Mama, nilikuwa najua.

Wale wa kampuni nimewaandikia kwamba hatasukuma mtu. Wamejibu kwa ufupi na kwa adabu, na nadhani hatutaandikiana tena. Mchoraji anasema tutaimalizia wenyewe kidogo kidogo, na kwamba anataka kukutana na wewe kuhusu gauni. Ngazi nimeziwekea mlango na komeo linaloshika.

Nakuja Ijumaa. Nitakaa hadi utembee. Mwambie dada asinitandikie sebuleni, nitalala chumba chochote mtakachonipa, mchana na usiku.

Mwanao

*

Alhamisi, 3 Aprili

Kitinda wangu,

Umefika salama, Mchoraji ameniandikia kabla yako, kijana ana heshima. Hapa nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mama anatembea na fimbo hadi dirishani na kurudi, halafu anatulaumu kwamba dirisha liko mbali. Taulo ulilosahau amelifua na kulipiga pasi, eti mshono wa upasuaji uko nyongani, si mkononi.

Nakuandikia kuhusu siku moja kabla hujaondoka. Mama na mimi tumeshauriana, na tumekubaliana kwamba katika nyumba hii hakuna tena cha kufichwa kwa ajili ya usingizi wa mtu. Kwa hiyo unaambiwa.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Wewe ulilala chumbani kwako, mama kitandani kwake na ile mito chini ya mguu, mimi kwenye kochi. Mvua ilikuwa inataka kunyesha na hainyeshi, nyumba ikawa na rangi ya ndani ya chaza. Nilikuwa naota nasaga lenzi kubwa kama sahani. Mara kitu kikanigonga sikioni. Ndara. Nikafumbua macho, mama ameinua kichwa, ameshika ndara ya pili tayari, ananionyesha mlango kwa kidevu.

Ulikuwa umetoka. Unatembea hivyo hivyo anavyosema, kama bwana shamba. Hukuonekana mwenye hofu. Ulipita jikoni, ukagusa meza kwa kidole, ukaenda hadi mlango wa mbele ukasimama. Nami nikasimama nyuma yako. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikaiweka chini, usawa wa mabega, lakini mabega yako sasa yako juu ya kichwa changu, nikajiona mjinga.

Kisha ukapeleka mkono nyuma.

Nilitazama chumbani kwa mama. Alikuwa anajaribu kuinuka, na daktari amemkataza. Akatikisa kichwa, akaninong'oneza kwa midomo tu, "Mshike." Nikakushika. Kiganja chako kilikuwa cha moto kama cha mtoto. Ukageuka, lakini si kwa ghafla, ukaanza kutembea, sasa wewe unaniongoza mimi. Hukurudi chumbani kwako. Ulikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama, katika nyumba ambayo hukuwahi kulala hata mara moja kabla ya safari hii, ukakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mguu mzima. Mama akakushika mkono mwingine. Tukawa watatu, kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Macho yako yalikuwa wazi, yakimtazama. Yeye hakukwepesha yake. Ukasema, kwa sauti yako ya kawaida ya mtu mzima, "Tumefika?"

Nilijua hakutakiwa kukujibu. Muuguzi yule wa zamani alisema mtu wa namna hiyo hasemeshwi. Mama akakusemesha.

"Ndiyo, baba," akasema. "Tumefika. Lala."

Ukalala hapo hapo, miguu nje, na ukaanza kukoroma.

Dada yako